Betri ya Ukubwa wa Pingili: Maisha ya Daktari wa Makabati

Ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake, na ninyi mliosimama tu kwa sababu mmeona turubai: nitakayosoma hapa hamtayaamini. Mtasema mjomba mtu ameanza. Nimezoea. Nimetunga mengi maishani mwangu, na wengine mmeninunulia chai ili niendelee kutunga. Lakini hili la leo sikulitunga. Ningelitunga mimi, ningelitia aibu kidogo. Kiwanda kizima kilisimama siku kumi na tatu kwa sababu ya betri ndogo kama pingili ya kidole, na lawama akabebeshwa mgonjwa aliyekuwa kitandani hospitalini, ambaye katika kiwanda hicho ndiye peke yake aliyewahi kuiomba betri hiyo. Mgonjwa huyo ndiye tunayemzika leo.

Marehemu alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Machi 1970, mtoto wa tatu na binti wa kwanza wa dada yangu na shemeji yangu marehemu, fundi cherehani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, nikatumwa kumwita mkunga kwa baiskeli. Nilikwenda kasi ambayo baiskeli ile haikuwahi kuiona. Dada yangu, ambaye yuko hapa na atanikatiza akitaka, husema nilipofika na mkunga mtoto alikuwa ameshaoshwa, ameshanyonya, na amelala. Haya. Barabara ilikuwa mbaya.

Alipokuwa na miaka sita, cherehani ya baba yake ilikataa kushona. Shemeji aliipiga kofi, mimi nikaipiga kofi, jirani naye akaja akaipiga lake. Yule mtoto akaketi sakafuni akaitazama, kisha akamuuliza baba yake, "Kabla haijakataa ilikuwa inafanya nini?" Ilikuwa imeshona turubai. Uzi mnene ulikuwa umekwama chini ya meno. Swali hilo moja ndilo alilokula nalo mshahara maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, na sekondari kuanzia 1984 hadi 1987. Mimi niliishia darasa la sita. La saba lilinikataa, nami nikalikataa, tukaachana kwa heshima. Kwa hiyo mpwa wangu alipoingia chuo cha ufundi mwaka 1988 kusomea umeme wa viwandani, nilitangaza mtaani kwamba akili hizo amezirithi kwa mjomba. Darasani walikuwa thelathini na mmoja, msichana ni yeye tu. Siku ya kwanza mwalimu alimwambia, "Binti, darasa la upishi liko jengo la pili." Akajibu, "Asante, mwalimu. Nikimaliza hapa nitapita kuwatengenezea majiko." Alihitimu Novemba 1991, wa kwanza. Mwalimu huyo mwenyewe ndiye aliyemwandikia barua ya kumwombea kazi.

Aliajiriwa katika kiwanda cha sabuni Jumatatu tarehe 4 Januari 1993, na hapo ndipo alipofanya kazi mpaka mwili ulipokataa. Kazi yake wengi wenu hamkuielewa, nami nilijifanya naielewa, hivyo nitaieleza kama alivyonieleza. Ndani ya kabati la umeme la kila mashine kuna kiboksi kinachoitwa PLC. Hicho ndicho akili ya mashine: kinaamua mota gani izunguke, vali gani ifunguke, kisu cha kukatia sabuni kishuke lini. Maagizo yake huandikwa kwa laptopu na huchorwa mfano wa ngazi, kidato juu ya kidato, kila kidato na amri yake. Mashine ikigoma, fundi wa kawaida hufungua spana. Yeye alifungua kabati, akatazama vitaa vya kile kiboksi kipi kinawaka na kipi kimezima, akaunganisha laptopu, akaisoma ngazi kidato kwa kidato mpaka pale amri ilipokwama. Ndiyo maana wakamwita Daktari wa Makabati.

Mwaka 2009 mashine ya kufungia sabuni ilikuwa ikisimama kila baada ya dakika ishirini. Waliitwa wataalamu wa kukodiwa, watatu, wenye masanduku ya magurudumu. Wakasema PLC imekufa, iagizwe mpya. Mpwa wangu akaenda kwa yule mama anayepanga sabuni mwisho wa mkanda. "Dada, ikisimama huwa unaona nini kabla?" Yule mama akamjibu, "Huwa naona vumbi jeupe, halafu kimya. Nimewaambia hawa kaka zako, wamesema nisiguse waya." Daktari akatoa leso, akafuta jicho la sensa, kile kifaa kinachoona sabuni ikipita, lililokuwa limefunikwa na unga wa sabuni, akairudisha leso mfukoni. Mashine ikaenda. Wataalamu wakavuta masanduku yao. Leso hiyo mama yake bado anayo.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba 1994 na dereva wa foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, wa kiwanda hichohicho. Uchumba wao ulianza kwa ugomvi. Kila asubuhi dereva aliegesha marobota ya katoni mbele ya kabati namba nne, na kila asubuhi alifokewa. Wiki ya tatu msimamizi akamuuliza, "Wewe husikii? Umeambiwa mara ngapi?" Akajibu, "Nasikia, bosi. Nikiyaweka kwingine hatakuja kunifokea." Walijaliwa watoto watatu, mabinti wawili na mvulana, na nyumba ambayo swichi zake zote zimeandikwa kwa mkono zinawasha nini.

Sasa nafika pale ambapo dada yangu ameniomba nisome taratibu.

Ile PLC ya mashine kubwa ya kufungia ni ya zamani. Inakumbuka maagizo yake kwa mambo mawili tu: umeme wa kabati ukiwa unawaka, au betri ndogo iliyomo ndani ikiwa nzima. Vikiondoka vyote viwili kwa pamoja, inasahau kila kitu, inakuwa kama mtoto wa siku moja. Mwezi Agosti 2022 kitaa cha betri kikawaka: betri inakufa. Marehemu aliandika kwa ofisi tarehe 8 Agosti. Kimya. Akaandika tarehe 3 Oktoba. Akajibiwa asubiri. Akaandika tarehe 16 Januari 2023, akajibiwa kwa maandishi, nakala ninayo: "Mashine inafanya kazi. Tatizo liko wapi?"

Hakuchoka. Alibandika karatasi mlangoni mwa kabati kwa herufi kubwa: BETRI IBADILISHWE UMEME UKIWA UNAWAKA. Alihifadhi nakala ya programu kwenye ile laptopu kongwe, ndiyo pekee yenye programu ya zamani inayoweza kuzungumza na kile kiboksi, akaifungia kwenye droo. Februari 2023 figo zikamlaza. Naomba mhesabu nami yaliyofuata. Machi, kiwanda kilitarajia wageni, makabati yakapakwa rangi, karatasi ikabanduliwa. Machi hiyohiyo watu wa kompyuta wakafungua droo, wakaichukua laptopu "kuisafisha." Waliisafisha kweli. Haikubaki hata herufi.

Betri ikanunuliwa Aprili. Jumamosi tarehe 22, injinia mpya akaambiwa aibadilishe. Injinia huyu nimeamriwa nimseme kwa upole, na aliyeniamuru mtamsikia. Alifanya kama kila chuo kinavyofundisha kabla mtu hajatia mkono kwenye kabati: alizima umeme, akafunga kufuli, akatundika kibao cha hatari. Akatoa betri iliyokufa, akaweka mpya. Akawasha. Kitaa chekundu. Mashine haikumjua mtu, na bila hiyo kiwanda kizima kikasimama.

Tarehe 26 Aprili barua ilifika wodini. Si ya pole. Ilikuwa onyo la mwisho kwa marehemu, kwa "uzembe wa kuondoka kazini bila kuacha nakala ya programu." Aliisoma akiwa na mipira ya kusafishia damu mkononi. Betri ilichukua miezi minane kufika kwenye kabati. Barua ya kumlaumu ilichukua siku nne.

Akamwambia mumewe, "Chini ya mashine ya kufulia kuna faili la kijani. Niletee. Na umwite injinia." Kwenye faili kulikuwa na ngazi nzima, kurasa themanini na sita alizochapa mwaka 2017, na kila badiliko alilofanya baadaye ameliandika kwa kalamu pembeni. Injinia akaja na laptopu nyingine yenye programu ile ya zamani, aliyoitafuta mji mzima. Siku nne alikaa kwenye kiti cha wageni, yeye anasomewa, anachapa.

"Kidato cha mia na nne. Jicho la pili likiona sabuni, na mlango ukiwa umefungwa, kisu kishuke."

"Nimeandika, mama. Kisu kishuke."

"Umeandika mlango umefungwa?"

"Ah. Sijaandika."

"Basi umemkata mtu vidole. Rudi."

Ijumaa tarehe 5 Mei 2023 mashine ikaamka. Mpwa wangu akaandika barua ya mwisho maishani mwake kuiomba ofisi kitu kimoja: mstari wa kusema onyo limefutwa. Hakutaka zawadi, hakutaka keki. Mstari. Hakujibiwa. Mimi mwenyewe nilikwenda mara tatu. Mara mbili nikaambiwa meneja yuko kikaoni, nikiwa namwona kwa kioo anakula karanga. Mara ya tatu akaniambia, "Mzee, barua ikishaingia kwenye faili, imeingia." Nilimjibu maneno ambayo dada yangu ameyaondoa kwenye karatasi hii.

Meneja, kama umekuja, na najua umekaa safu ya mbele kwa sababu hukai kwingine, sikugombezi msibani. Nakuuliza tu swali lile lile mliloliandika ninyi. Binti huyu alifanya kazi yake. Tatizo liko wapi? Faili lake bado liko ofisini kwako na barua ile imo ndani yake, na mjukuu wake akija siku moja kuomba kazi pale ataisoma kwamba bibi yake alikuwa mzembe. Kalamu unayo. Karatasi tumekuwekea chini ya kiti chako.

Marehemu aliugua figo mwaka mmoja na miezi minne, akisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Hata huko aliendelea na kazi. Mashine ya hospitali ilipopiga king'ora na muuguzi akabonyeza kuinyamazisha, alimwambia, "Dada, usiinyamazishe, iulize. Mpira umejikunja chini ya kiwiko changu." Ulikuwa umejikunja. Baada ya hapo wauguzi walianza kumwita akague na za wagonjwa wengine, akiwa palepale kitandani. Alifariki Jumapili tarehe 9 Juni 2024, saa tatu asubuhi, mama yake akiwa ameshika mguu wake na mume wake ameshika mkono.

Ameacha mama mzazi, mume, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu wanne, kaka wawili, mdogo wake wa kike, na mjomba. Ameacha pia injinia mmoja ambaye si ndugu wa damu, lakini leo amebeba jeneza upande wa kichwa, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Apumzike kwa amani, asiamshwe tena na simu ya zamu.

Limebaki jambo moja. Waliotuchapia karatasi hizi waliniuliza kwa nini mwishoni kuna mstari uliokatwa kwa kalamu, wakataka kuuondoa. Nikawakataza. Wasifu huu marehemu aliniagiza niuandike angali hai, kwa sababu, alisema, watu wenye aibu wataogopa kuitaja ile barua. Ijumaa tarehe 7 Juni nilimsomea nilipokuwa nimefika. Alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala, nikapandisha sauti nifaidi mwenyewe. Nikasoma: "Katika miaka yake yote ya kazi, mpwa wangu hakuwahi, narudia, hakuwahi hata siku moja kufuta programu ya mashine, tofauti na yule injinia kipofu asiyejua hata—"

"Niliwahi," akasema, macho bado yamefumba. "Mwaka wangu wa pili. Betri ya mashine hiihii. Nilizima umeme kwanza, kama nilivyofundishwa. Mkuu wangu hakuniandikia barua, mjomba. Alileta kiti cha pili, tukaandika upya mpaka Alhamisi. Kata hapo."