Hiribae na Abiria Wake

Hapa Kau, kando ya mto, kijiwe chetu ni gogo lililolazwa nje ya nyumba ya Mwanasiti, muuza kahawa. Mwaka ule maji ya mafuriko yalipopungua, Hiribae alirudi kukaa nasi, goti limepinda. Kiboko alikuwa amempindulia mtumbwi na kumvunja goti. Kabla ya hapo, kila Jumapili alisukuma mtumbwi kwa pondo, ule mti mrefu, kwenda juu mtoni kwenye kanisa la misheni, alikobatizwa yeye na mkewe Tuneya, na ndiko alikomzika Tuneya. Sasa hawezi tena. Siku nyingi alikuwa akikaa tu, akitazama juu mtoni. Asubuhi moja alikuja anatabasamu.

— Mwanasiti, nipe kahawa. Leo nimesali.

— Umesali wapi na goti hilo? aliuliza Omar, tuliyemwita Nahodha ingawa bahari hajaigusa.

— Nyumbani. Jana mwalimu wa misheni alikuja kunijulia hali. Nikamlilia kwamba Mungu amebaki kule kanisani, nami niko huku. Akanisomea Injili, pale Yesu anaposema ufalme wa Mungu umo ndani yetu.

— Siyo! alidakia Kuno. Kijiweni jina lake ni hilohilo, Siyo, maana kila siku ndilo neno lake la kwanza. — Ndani mna maini na matumbo. Ufalme mzima utaenea wapi?

— Moyoni, alisema Omar. Hata sisi msikitini tunaambiwa Mungu yu karibu.

— Karibu, sawa. Lakini ndani? Hiribae akila kambare, kambare anaingia ikulu?

— Labda ndiyo maana watu hukoroma, alisema Omar. Aliyemo ndani anajigeuza.

— Na kiboko je? aliuliza Kuno. Angemmeza Hiribae, leo si tungekuwa tunamwamkia kiboko shikamoo?

— Hebu nyamazeni! alisema Mwanasiti. Kaka Hiribae, ulifanyaje?

Hiribae aliweka finjani chini.

— Nilifumba macho, nikajiona mtumbwini. Nikakumbuka habari ya Yesu kulala chomboni dhoruba ikivuma. Nikamlaza mbele yangu, amelalia mkono, nguo imelowa. Nikasikia pondo likigusa tope. Nikasukuma, nikasukuma, nimfikishe kanisani, nimwonyeshe na kaburi la Tuneya. Akaamka. Akaniambia, “Hiribae, wanipeleka wapi? Mimi niko hapa.” Nikafumbua macho. Chumba kilekile, goti lilelile. Lakini yeye hakuondoka.



Kando alikuwa amesimama Gollo, mfugaji wa Kiorma aliyeleta samli kubadilisha na mahindi. Alikuwa ameegemea fimbo yake, anasikiliza.

— Mimi nauliza, alisema kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja. Huyo Mungu sasa iko ndani yako?

— Yumo.

— Basi kwa nini wewe nalia?

Hiribae alijigusa shavu, akautazama unyevu vidoleni kama wa mtu mwingine. Omar akatazama chini. Kuno akamtazama Mwanasiti, Mwanasiti akatazama mto.

— Sijui, ndugu yangu, alisema Hiribae. Alipokuwa mbali nilimtamani Jumapili. Sasa yumo humu, namtamani kila ninapovuta pumzi.

Mwanasiti aliinamisha dele. Kahawa ilikuwa imekwisha, lakini hakuna aliyeinuka. Kuno akasogea, akampisha Gollo akae karibu na Hiribae.