Kadi ya Njano ya Mama Adventina

Mimi Mihayo Masalu, dereva wa Uchukuzi Ziwa, ni mtu wa bahati, na anayebisha akaulize Migori. Mwaka 1996 nilipata ajali huko ugenini na gari la kuazima, nikatoka mikononi mwa polisi siku ile ile kwa bahati na ulimi wangu. Kwa hiyo kamati ya sherehe haikukosea kunipa mimi, niliyeishia kidato cha kwanza kwa kutoelewana na mwalimu wa hesabu, kazi ya kumwandika Mama Adventina Ishengoma, anayestaafu leo tarehe 30 Juni 1999 baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi.

Mama Adventina alikuja Mwanza kutoka Kamachumu akiwa na sanduku moja na mwandiko mzuri. Alianza kama mpiga chapa, akawa karani wa safari, na tangu 1979 ni karani wetu wa bima. Kampuni ilikuwa ya umma, ikauzwa, ikapakwa rangi mpya. Mameneja saba wamepita, yeye yupo meza ile ile ya dirishani. Soko huria lilipoingia, mawakala wa bima wakaanza kumletea kalenda na miavuli. Miavuli aliwagawia wafagizi, kisha akawauliza mawakala maswali mpaka wakalowa jasho.

Ana kasoro, tusifichane. Haamini maneno matamu. Kila aliyesafiri, hata kwa shughuli zake binafsi, hata kwa gari la shemeji, alisimamishwa pale mezani: gari la nani, anaendesha nani, linavuka mpaka? Ukisema linavuka, umekwisha. Utaleta barua ya mwenye gari yenye jina lako na sahihi yake, na gari litakatiwa kadi ya njano, ile bima ya nchi jirani inayomtibu utakayemgonga huko. Bila hiyo, alisema, bima yako inashukia Sirari mpakani na wewe unaendelea kwa maombi. Madereva tukambatiza Ofisa Uhamiaji. Alijua, na ukimwita hivyo alikuwa anaitika.

Agosti 1996 binamu yangu alikuwa anaoa Migori, Kenya. Mzee Shigela wa Pasiansi akaniazima Peugeot yake. Mama Adventina akataka barua. Nikakataa, tena kwa sababu ya msingi kabisa: ukoo mzima wa Migori nilishautangazia kwamba nimenunua gari, sasa nitembee na karatasi inayosema si langu? Akaniuliza, "Mihayo mwanangu, ukimvunja mtu mguu huko, utamchekesha mpaka upone?" Nikamjibu kwamba mimi na bahati tunalala kitanda kimoja. Hakubishana, akarudi kwenye kitabu chake.

Asubuhi ya harusi, nikiwa ndani ya suti, nikiwapungia mkono watu wasionijua, nilimgonga Odeta, mama muuza ndizi. Mguu ukavunjika. Hospitalini wakauliza nani atasimamia matibabu. Kituoni wakauliza gari la nani. Nikasema langu. Kadi ya gari ikasema la Shigela. Pale pale nikawa mwizi wa magari aliyevaa tai, mbele ya wakwe wa binamu yangu. Na ulimi wangu huu, mnaoufahamu, ukagoma.

Bahati nzuri, askari aliyekuwa akipekua gari alivuta kibao cha kuzuia jua na bahasha ikadondoka. Ndani mlikuwa na barua ya Mzee Shigela ikinitaja kwa jina, pamoja na kadi ya njano. Jioni nilikuwa nje. Odeta alitibiwa wiki tisa, akarudi kwenye ndizi zake. Ukoo ulijua gari si langu, na pilau wakanipa vilevile.

Kwa miaka ishirini ya Mama Adventina kwenye bima, hakuna dereva wetu aliyesota rumande ugenini wala majeruhi aliyeachwa bila daktari. Kompyuta ilipoletwa aliishonea kitambaa, akaendelea na kitabu chake. Ilipokufa, mhasibu alikuja taratibu kuomba kitabu. Meza anamwachia Dorcas, ambaye maswali anayo yote, na sura ya kuyauliza ameanza kuipata.

Mama, ahsante. Nenda Kamachumu upumzike, migomba ikustawie, wajukuu wakuamkie kila asubuhi, na Mungu akuepushie wageni wenye magari ya kuazima.

Nimalizie. Jumapili ya kabla ya safari yangu, baada ya misa, ulitembea kwa miguu hadi Pasiansi kumwomba Mzee Shigela barua, na bahasha uliichomeka mwenyewe. Mwandiko wako juu ya bahasha niliutambua pale pale kituoni. Miaka mitatu nimewasimulia hawa habari za bahati yangu, wewe ukiwa umekaa nasi unakunywa chai, na hukuwahi kunisahihisha. Sikuwa na bahati yoyote. Nilidanganya.