Nukta Themanini na Nane: Maisha ya Mwalimu Simeo Erasto Mhina, 1951–2025

Mwalimu Simeo Erasto Mhina, tunayemsindikiza leo Jumamosi tarehe 10 Mei 2025, alizaliwa Mombo siku ya Jumatano, tarehe 14 Februari 1951, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Erasto Mhina na Mama Catherine. Baba yake alikuwa fundi katika karakana ya shamba la mkonge, upande wa Korogwe. Shamba lile lilikuwa na bendi ya wafanyakazi, na ngoma zake zilipoharibika zililetwa karakana pamoja na pampu na toroli. Siku moja Simeo, akiwa na miaka sita, aliingiza kichwa ndani ya ngoma kubwa iliyotolewa ngozi, kikanasa. Watu walikimbia kutafuta msumeno. Mtoto alipotolewa hakulia. Alisema tu, "Baba, humu ndani kumeandikwa."

Kilikuwa kibati cha shaba chenye jina la kiwanda na namba. Baba yake alimweleza kwamba kila ngoma ina mtu aliyeitengeneza, na mtu huyo huacha alama mahali ambapo mpigaji haoni. Tangu siku hiyo Simeo hakupita karibu na ngoma bila kuinama kuchungulia ndani.

Alisoma shule ya msingi na ya kati Mombo, kuanzia mwaka 1958 hadi 1965, kisha sekondari. Mwaka 1970 alijiunga na Chuo cha Ualimu Korogwe na kuhitimu mwishoni mwa mwaka 1971. Wenzake wa chuoni wanamkumbuka kama kijana mpole, mwenye mwandiko mzuri, aliyependa kuhesabu vitu ambavyo wengine hawakuviona vina hesabu.

Januari 1972 alipangiwa kufundisha Misima, wilayani Handeni. Huko alikutana na Mzee Sadala, mchonga ngoma, aliyemfundisha kusoma ngoma kama watu wengine wanavyosoma barua. Mzee Sadala alikuwa na utaratibu mmoja, na hakuruhusu ubadilishwe. "Mti kwanza," alimwambia. "Kisha mkono uliochonga. Chapa iangalie mwisho kabisa, mwalimu, maana chapa ni maneno tu." Simeo alijifunza kutambua mti kwa kunusa, kumjua fundi kwa makovu ya tezo, kishoka cha kuchongea, ndani ya mzinga wa ngoma, na kukadiria umri kwa jinsi vigingi vya kuwambia ngozi vilivyolika. Kwa ngoma za bendi alihesabu skrubu na kusoma vibati, akaweza kusema zilifika shambani kabla ya Vita vya Pili vya Dunia au baada yake.

Mwaka 1982 aliteuliwa kuwa Afisa Utamaduni, Handeni, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2006. Aliandikisha ngoma mia tatu na kumi na mbili. Watu walimletea ngoma kutoka mbali. Wapo wanaokumbuka kijana wa Mombo aliyekuwa akiwauzia wasafiri wa Lushoto ngoma "za kale" zilizopakwa majani ya chai na mafuta. Mwalimu alilamba ukingo wa moja, akatema.

"Hii imechongwa Jumatano iliyopita," alisema.

"Mzee, hiyo ya babu yangu mzaa baba!"

"Babu yako yu hai?"

"Yupo, mzee."

"Basi mpigie simu aje amalizie kuianika."

Tarehe 4 Desemba 1976 alifunga ndoa takatifu na Emiliana, binti wa Mzee Abraham wa Korogwe. Mungu aliwajalia watoto watatu, Gerald, Catherine na Filomena. Mama Emiliana husema kwamba aliolewa na mtu mmoja na ngoma nyingi, na kwamba mtu huyo hakuwahi kumpandishia sauti hata siku moja. Lakini kulikuwa na chumba kimoja cha stoo ambacho ufunguo wake aliuweka mfukoni mwake mwenyewe, na kwa miaka mingi hakukifungua mbele ya mtu.

Kabla hajafumba macho Mwalimu aliagiza kwamba sehemu inayofuata isifupishwe.

Misima palikuwa na mchonga ngoma aliyeitwa Mwinjuma. Chapa yake aliichoma kwa chuma cha moto ndani ya mzinga: mwezi mchanga, na chini yake nukta, moja kwa kila masika tangu alipoanza kazi mwaka 1938. Ngoma yenye nukta moja ni ya 1938, yenye nukta kumi ni ya 1947. Mwinjuma alifariki mwaka 1971, kwa hiyo hakuna ngoma yake ambayo ingeweza kuzidi nukta thelathini na nne. Jambo hilo lilijulikana na kila mtu.

Jumamosi tarehe 19 Julai 1986, Mwalimu alikuwa Kabuku akiandikisha ngoma mbele ya umati. Binti wa Mwinjuma, Mama Mwanaidi, alileta ngoma kutoka Misima. Alisema, "Baba aliichonga mwaka niliozaliwa mimi. Arobaini na tatu."

Mwalimu alikuwa amechoka, na foleni ilikuwa ndefu. Hakuunusa mti. Hakupitisha kidole kwenye makovu ya tezo. Aliigeuza ngoma, akamulika tochi kwenye tundu la chini, akahesabu nukta. Zilikuwa arobaini na tisa. Arobaini na tisa ni mwaka 1986, mwaka uleule.

"Mama," alisema kwa sauti, "kama ngoma hii ilichongwa mwaka uliozaliwa, basi wewe ni kichanga. Umezaliwa mwaka huu."

Umati ulicheka sana. Mwalimu naye alicheka. Kisha aliandika kwa wino mwekundu, YA KUGHUSHI, akaongeza kwamba ngoma ina kasoro, inachakacha ndani, akaizuia iwe kielelezo cha ofisi.  Mama Mwanaidi alijifunga kanga yake upya, akasema, "Utahesabu tena, mwalimu."

Jina la Kichanga halikumtoka mama yule. Aliitwa Kichanga sokoni na kisimani, na watoto wake wakaitwa watoto wa Kichanga. Kaka yake Ukasha, aliyekuwa akiendeleza kazi ya baba yao, alikosa wateja kwa sababu nyumba ile ilikwisha kuandikwa kuwa ya waongo. Alikwenda kukata mkonge, na tezo ya Mwinjuma ikaliwa na kutu.

Mara tatu baada ya hapo Mwalimu alikutana na Mama Mwanaidi, mara ya mwisho kwenye stendi ya Korogwe mwaka 1998. Alimwamkia kwa heshima, kwa kuwa alikuwa mkubwa kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Umehesabu tena?"

Hakuwa amehesabu. Mwaka 1994, ofisi ilipohama, aliichukua ile ngoma nyumbani na kuifungia stoo. Alikiri baadaye kwamba hakuogopa kukuta nukta zilezile arobaini na tisa, bali kukuta si zilezile. Usiku na mchana alikuwa ameanza kuisikia ikichakacha, na hapakuwa na mtu wa kuigusa. Alijiambia ni panya. Mama Mwanaidi alifariki mwaka 2011, na Mwalimu hakwenda msibani.

Novemba 2023 aligundulika kuwa na maradhi ya moyo. Alitibiwa kwa vipindi, akarejea nyumbani Korogwe, akawa mtu wa kukaa kitini barazani. Jumatatu tarehe 12 Agosti 2024, saa sita mchana, Mama Emiliana alikuwa akichambua maharage, mara stoo ikatoa mlio mmoja, kama mtu aliyepiga ngoma kwa nguvu zake zote. Mwalimu alitoa ufunguo mfukoni na kumpa Gerald. Ngozi ya ngoma ilikuwa imepasuka katikati.

Gerald aliitoa nje kwenye mwanga. Kutoka chini ya ngozi, kwenye mkunjo wa ukingoni ambako hakuna jicho lililofika tangu ilipowambwa, ulianguka uzi wa shanga za kiunoni za mtoto mchanga, zimetungwa pamoja na senti kumi ya zamani yenye tundu. Mwalimu aliigeuza ile sarafu kuelekea jua. Ilikuwa ya mwaka 1943.

Ndipo alipofanya kazi yake kwa utaratibu aliofundishwa. Aliunusa mti: ulikuwa mkavu wa zaidi ya nusu karne, umejaa moshi wa jiko. Alipitisha kidole ndani na kuukuta mkono wa Mwinjuma, kila kovu. Mwisho kabisa aliangalia chapa. Alihesabu, akamwambia Gerald ahesabu, akamwita mama naye ahesabu. Wote walipata nukta themanini na saba.

"Ni mwaka gani huo, Baba?" Gerald aliuliza.

"Mwaka huu," alisema Mwalimu.  "Nilimcheka mama wa watu, kumbe ngoma inajihesabia yenyewe."

Familia haina maelezo ya jambo hili. Inaeleza ilichokiona.

Wiki hiyohiyo alimwita Husna, mjukuu wa Mama Mwanaidi, ambaye ni muuguzi hapa Korogwe. Alimwomba radhi huku akilia, akamwambia aichukue ngoma ya nyumba yao. Husna aliziangalia shanga, akazirudisha mezani.

"Babu, mimi nimekusamehe," alisema. "Ila ngoma siichukui sebuleni. Bibi yangu hukumtukana sebuleni. Ulimtukana mbele ya watu, na ufute mbele ya watu."

"Mjukuu wangu, miguu haina nguvu. Watu nitawakusanya wapi?"

"Watakusanyika tu, babu," Husna alijibu. Alimpima presha, akaaga.

Ngoma ilikaa kando ya kitanda chake, bila ngozi, imefunikwa kanga. Kila asubuhi Mwalimu aliifunua na kuchungulia. Mvua za masika mwaka huu zilianza alfajiri moja ya mwezi Machi, na alfajiri hiyo alimwamsha mkewe. "Emi, unasikia harufu?" Mama Emiliana alisikia harufu ya mti unaoungua, akaenda jikoni, akakuta majivu baridi. Aliporudi mumewe alikuwa ameshahesabu. Nukta ya themanini na nane ilikuwa bado na joto, na Mama Emiliana aliigusa kwa kidole chake. "Na mimi nimeandikiwa mwaka wangu," Mwalimu alisema, wala hakuonekana kuogopa. Siku hiyo aliomba kalamu na karatasi.

Alifariki Alhamisi tarehe 8 Mei 2025, saa nne asubuhi, nyumbani, mkono wake ukiwa juu ya ukingo wa ngoma.

Mwalimu ameacha mjane, Mama Emiliana, watoto watatu, Gerald, Catherine na Filomena, wajukuu saba, daftari moja la ngoma mia tatu na kumi na mbili, na ngoma moja ambayo haikuwa yake.

Aliyoandika siku ile ya Machi, akataka yasomwe mbele ya watu watakaokusanyika, ni haya:

"Mimi Simeo Mhina niliandika kwa wino mwekundu, Kabuku, tarehe 19 Julai 1986, kwamba ngoma ya Mama Mwanaidi binti Mwinjuma ni ya kughushi. Nilisoma chapa kabla ya mti. Ngoma ile ni ya mwaka 1943, na mwenyewe alizaliwa mwaka huo. Alisema kweli, nami nikawachekesha watu. Neno lile nimelifuta. Mtu asimwite Kichanga tena, wala asiwaite hivyo watoto wake na wajukuu zake. Mama, nimehesabu tena."

Husna yupo hapa na ndugu zake kutoka Misima, na atakabidhiwa ngoma sasa, kabla jeneza halijateremshwa. Shanga zimefungwa kwenye kitambaa, anazo Mama Emiliana, na ndani ya mzinga hamkubaki kitu. Kwa hiyo watakaoibeba wanaombwa wasishtuke wakiisikia inachakacha.

Bwana ampokee Mwalimu Simeo, ampe pumziko mahali ambapo miaka haihesabiwi.