Oddlaug wa Meza ya Chanjo

Tangu vuli hii maneno yamezunguka dukani kwamba Oddlaug Skjervik ameambukizwa ugonjwa na salmoni, samaki tunaowafuga hapa. Jirani Borghild ndiye aliyeyaanza, tena bila ubaya, maziwa mkononi: "Miaka yote anachanja samaki wasipate ugonjwa wa kongosho, leo kongosho lake ndilo linalougua. Jamani, hapo kuna la kuuliza?" Lipo, na daktari aliulizwa. Alijibu kwamba virusi vile vya salmoni havimpati mtu. Marehemu alikuwa na saratani. Hili linasemwa mapema ili baadaye, kwenye kahawa ya baada ya maziko, watu waongee mengine.

Oddlaug alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 hapa Skjervika, kisiwani Frøya, mtoto wa tatu wa Peder na Jorunn. Alimaliza darasa la tisa mwaka 1974. Mwalimu alitaka aendelee na masomo mjini Trondheim, lakini yeye alitaka mshahara na baiskeli, akaenda kukata samaki kiwandani.

Tarehe 20 Juni 1981 alifunga ndoa na Arnfinn katika kanisa hili. Walikaa muda mrefu bila mtoto, na hawakupenda kuulizwa. Ketil alizaliwa mwaka 1990.

Wakati huo Oddlaug alikuwa ameshahamia kituo cha kukuzia salmoni wachanga, kwenye meza ya chanjo. Wengi hapa wanaijua kazi hiyo: samaki wanalazwa kwa dawa ya usingizi, unamshika mmoja tumbo juu, sindano inaingia mbele kidogo ya mapezi ya tumboni, unamrudisha majini, unachukua mwingine. Mwanzoni chanjo zilikuwa za bakteria. Kisha ukaja ugonjwa wa kongosho. Salmoni kwenye vizimba vya baharini waliacha kula, wakakonda, wakawa wananing'inia tu juu ya maji. Arnfinn, aliyefanya kazi vizimbani, alikuwa akiokota samaki waliokufa kila asubuhi. Chanjo ya virusi ilipofika, Oddlaug alibadilishana zamu ili awepo mezani siku ya kwanza.

Siku hiyohiyo akajichoma kidole gumba. Ni kosa la wachanjaji wote, samaki anateleza na sindano inakukuta wewe. Mafuta ya chanjo yanaweza kuharibu kidole, kwa hiyo sheria ni kupiga kelele papo hapo na kukimbilia kwa daktari na karatasi ya maelezo ya dawa. Alipiga kelele, kazi ikasimama.

"Umejichanja, Oddlaug?" akauliza Turid, mkuu wa meza.

"Nimejichanja. Nitupeni kizimbani sasa, siugui tena!"

Kidole kilipasuliwa, kikapona kikiwa kimepinda. Utani ule ulibaki mezani miaka yote. Mwezi Machi mwaka huu, daktari alipomwambia ana saratani ya kongosho, alisema, "Basi ile chanjo haikushika." Huenda uvumi ulipata mbegu hapo.

Dalili aliziona kwanza mkwewe Solrun, mke wa Ketil, ambaye Oddlaug mwenyewe alimfundisha kushika sindano. Aliona mkate wenye jibini la kahawia unabaki nusu kwenye sahani. Hata hivyo Oddlaug alifanya kazi hadi Septemba, akikalia mto kwa sababu mifupa ilimuuma. Solrun alikuwa nyumbani na mtoto mchanga, na uvumi ulimfika huko. Mama yake mzazi alimpigia simu kutoka kisiwa jirani cha Hitra: "Wee Solrun, una mtoto ananyonya. Usirudi kwenye meza ile, itakumaliza na wewe."

Solrun akaenda kumuuliza Oddlaug. "Mama, kweli haiambukizi?"

Oddlaug hakucheka. "Mwanangu, ningekuwa na shaka hata chembe, ningekuita mezani?"

Solrun alimwamini. Lakini akimtazama mtoto, hofu ilirudi, na Turid alipouliza atarudi lini alisema ataona kwanza.

Oddlaug alifariki nyumbani asubuhi ya Alhamisi, tarehe 14 Novemba 2024, dirisha likiwa wazi kidogo kama alivyopenda. Ameacha mume wake Arnfinn, mwanawe Ketil, mkwewe Solrun, mjukuu wake Åsne, dada yake Magnhild, na wenzake wote wa mezani. Udongo wa kisiwa hiki umpokee vizuri, na Mungu ampe pumziko.

Jumanne kabla hajafa alimwita Solrun, akataka Åsne alazwe pembeni yake.

"Tarehe ishirini na tano kuna kundi la samaki wa kuchanjwa," akasema. "Jumamosi ya kabla yake wananyimwa chakula, na samaki mwenye njaa hasubiri watu wamalize kulia. Turid anatafuta mtu wa kiti changu. Naomba ukae wewe, mwanangu. Mtoto mwachie Arnfinn. Nikishaondoka, naye atahitaji kitu cha kubeba."