Tofali Mapajani

Mama aliyekaa mbele yangu ndani ya basi alikuwa amepakata tofali lililofungwa kwenye khanga, pembe moja ikichungulia nje, utadhani anapeleka mtoto kliniki. Jirani yake, fundi mwashi mwenye saruji hadi kwenye kope, uvumilivu ukamshinda. "Mama, hilo si la nyuzi za mkonge?"

"Ndilo. Nalipeleka maabara likapimwe nguvu. Maneno ya watu yamezidi."

"Wasikutishe. Ni mepesi, lakini yakifyatuliwa vizuri yanabeba nyumba miaka na miaka." Akalibonyeza pembeni kwa kidole gumba. Punje zikamwagikia magoti ya mama. Fundi akachomoa uzi mmoja, akaunusa.

"Nyuzi hizi hazikuchemshwa," akasema. "Sukari ya mkonge isipotolewa, saruji haishiki. Aliyefyatua hili hana haya kabisa!"

"Labda alikuwa na haraka," mama akasema, akiokota punje moja moja.

"Haraka! Kwani ameshajenga nyumba ngapi?"

"Tatu. Zote zina watu." Akalifunika tofali. "Ni mwanangu."

Fundi akainama kumsaidia kuokota punje. Mimi nikajifanya nasoma tangazo la dirishani, ambalo nilishalisoma mara nne.

Basi likasimama. "Maabara!" kondakta akaita. "Mama, si ulisema hapa?"

"Bado, baba," akajibu, akilikumbatia tofali lake. "Mbele kidogo."

Dereva alikuwa ameshazima injini. Hapo ndipo gari linapoishia.