Bi Kiganja na Chujio la Gari Namba Tatu

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, Bi Kiganja atakabidhi ufunguo wa gari namba tatu na kustaafu, baada ya miaka thelathini na miwili ya kusafisha mazulia ya watu. Ofisi imemwomba mkuu wa zamani wa karakana aandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu, kwa kuwa wengine waliomwona akianza kazi wameshatangulia. Mwandishi ni mzee na mgonjwa. Anaandika kitandani, aya moja kwa siku, na wasomaji wamvumilie.

Jina la Kiganja alipewa na dereva wake wa kwanza. Kila asubuhi, kabla gari halijatoka, aliwasha mashine, akashika mpira wa kunyonyea maji na kuuweka mdomo wake kiganjani. Dereva alizoea kumtania: "Dada, mgonjwa anaendeleaje?" Naye hujibu bila kucheka, "Anahema. Twende." Siku nyingine husema, "Huyu kabanwa kifua," na hapo gari haliendi popote mpaka tangi lifunguliwe na chujio litolewe, limevaa nywele na nyuzi za mazulia kama kofia ya sufu.

Kwa walioajiriwa juzi, ni vizuri waelewe kwa nini alijisumbua. Maji ya moto hulegeza uchafu, lakini kinachounyanyua kutoka kwenye zulia ni hewa. Chujio hukaa kati ya tangi la maji machafu na pampu ya hewa, kuilinda pampu. Likiziba, hewa haipiti, na maji hubaki chini ya zulia. Kinachowaponza wengi ni geji, kipimo cha mshale kinachoonyesha nguvu ya pampu kunyonya. Chujio likiziba mshale haushuki, unapanda. Ni kama kunywa soda kwa mrija ulioziba: mashavu yanabonyea kwa nguvu, soda haifiki mdomoni.

Mkuu wa karakana, msomi mwenye vyeti ukutani, naye aliponzwa na mshale huo.

Bi Kiganja alikuwa na miaka kumi na tatu kazini. Pampu mbili zilikuwa zimekufa kwa vumbi mwaka huo, na mkuu wa karakana akabuni dawa yake. Alikata kitambaa kizito cha bluu, akakifunga nyuma ya chujio la gari namba tatu, ndani ya shingo ya bomba, mahali ambapo mhudumu hana sababu ya kufungua. Hakumwambia mtu. Mshale ukapanda, naye akafurahi. Asubuhi ya kwenda kusafisha maktaba ya shule, Bi Kiganja aliweka mkono kwenye mpira, akasema, "Mkubwa, hewa haipiti." Akajibiwa mbele ya wenzake, "Soma geji, bibie. Mkono si chombo cha kupimia." Akapanda gari, akaenda.

Zulia la maktaba lilikaa na maji siku nne. Gundi iliachia, vitabu vya rafu za chini vikaota ukungu, na shule ikatuambia tusirudi tena. Alasiri malalamiko yalipofika, mkuu wa karakana alikitoa kitambaa, akakitupa, kisha akaandika taarifa ya sentensi moja: mhudumu hakusafisha chujio. Bi Kiganja alipewa barua ya onyo, akaondolewa garini, akapelekwa chumba cha nyuma kuosha machujio ya magari yote. Alikaa huko miaka sita.

Mkuu huyo ndiye anayeandika haya.

Chumba kile wengi wenu mnakijua: sinki moja, dirisha dogo, sakafu isiyokauka. Bi Kiganja alitundika machujio kwenye kamba, kila moja na namba ya gari lake. Aliliinua kila chujio dirishani, na kama hakuiona miti ya nje kupitia matundu yake, alilirudisha majini. Madereva walilalamika kwamba anawachelewesha. Akawaambia, "Ondokeni bila chujio basi, mkanunue pampu kwa mate." Tangu hapo hadi leo hatujapoteza pampu kwa uchafu. Mkuu mpya wa karakana alipokuja, alimrudisha garini wiki ya pili, na wahudumu kumi na mmoja wamejifunza kazi chini yake.

Mwandishi alikusudia kuusifu uangalifu huo na kuishia hapo. Mwezi uliopita Bi Kiganja alikuja kumwona mgonjwa, na mgonjwa akashindwa kunyamaza. Alimwambia habari za kitambaa cha bluu.

Bi Kiganja akauliza, "Kwa hiyo lile chujio nililiosha?"

Akaambiwa ndiyo, aliliosha; lilikutwa safi siku kitambaa kilipotolewa.

Wiki ile ya maktaba alikuwa akimuuguza mama yake usiku kucha bila kulala. Aliposomewa taarifa, aliamini kwamba usingizi ulimzidi akasahau. Ameliamini hilo kwa miaka kumi na tisa. Kumbe uangalifu tuliokuwa tukiusifia ulikuwa wa mtu anayejilinda na kosa ambalo hakulifanya.

Hakusema amesamehe, wala mwandishi hakupata uso wa kuomba. Alifunga mkoba wake, akasema, "Mzee, usilimalize jambo hili humu chumbani. Liandike kwenye jarida. Na usiliandike kwa mafumbo, watu wa kwenye magari wanasoma huku wanakula." Akatoka, akaufunga mlango taratibu kama afungavyo mfuniko wa tangi.

Limeandikwa. Barua ya onyo ilitolewa kwenye faili lake Jumatatu iliyopita, na mahali pake unawekwa ukurasa huu, wenye sahihi ya aliyesema uongo. Sahihi imepinda kwa sababu mkono umechoka, lakini ni yake.

Bi Kiganja, chujio lilikuwa safi. Asante kwa miaka yote thelathini na miwili, na zaidi kwa ile sita ya adhabu usiyostahili. Wenzako wote wanakuombea afya, nyumba yenye utulivu na asubuhi zisizo na mashine ya kuwasha. Nenda ukalale usingizi wako, mama. Hakuna ulichosahau.