Tenti ya Moyoni

Mbele ya duka moja la vifaa vya maji, Makongeni, Thika, kuna benchi iliyoundwa kwa vipande vya mabomba. Aliyeichomelea ni Ndung'u, mzee aliyetunza mabomba ya mvuke kiwandani kwa miaka ishirini na sita, hata watu wakalisahau jina lake wakamwita Paipu. Pembeni huketi Katunge, muuza kahawa, na chupa yake ya kahawa chungu ya tangawizi. Asubuhi hiyo ya Alhamisi benchi ilimkataa fundi wake. Paipu alikaa, akasimama, akaenda hadi ukingo wa barabara, akarudi, akatazama simu, akaketi upande mwingine.

— Paipu, leo umekalia siafu? aliuliza Katunge.

Heri wangekuwa siafu. Miezi minne iliyopita kifua kilimbana akipanda ngazi, na madaktari wakamwekea stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma, mfano wa springi ya kalamu, ndani ya mshipa wa moyo ili usizibe tena. Binti yake Wanja, anayeishi Ruiru na kusomea uhandisi chuoni Juja, aliomba ruhusa yake na ya hospitali, akachukua picha za mshipa huo na kuzitia kwenye kompyuta, apige hesabu ya jinsi damu inavyopita kati ya zile nyaya. Sasa alikuwa ametuma ujumbe: Baba, saa nne nakutumia picha. Utaona damu yako ikitembea.

Jambo ambalo Wanja hakulijua, wala mama yake, wala mtu yeyote wa benchi ile, ni kwamba Paipu alikuwa ameacha kumeza dawa za kuzuia damu isigande. Ufizi ulikuwa ukivuja damu akipiga mswaki, na mikono ilifanya madoa meusi hata kwa kugusa meza. Akajisemea kifundi: bomba likishabadilishwa, nani hulitia dawa kila siku? Vidonge vilikuwa mfukoni mwa koti alilovaa, na hiyo ilikuwa siku ya kumi na tisa. Sasa, kama mashine inaiona damu, itakosaje kuliona hilo?

Mtu mwenye siri hutafuta watu wa kukaa nao, na akikaa nao husema lile lililo jirani na siri. Paipu aliwaambia wenzake habari ya picha. Wenzake walikuwa wawili. Gachau, aitwaye Shemasi, hakuwahi kuwa shemasi. Alisoma matangazo kanisani Jumapili moja tu, na sauti yake haijashuka tangu siku hiyo. Owino, aitwaye Satelaiti, hutengeneza televisheni na madishi, na kwake kila kitu duniani ni suala la mawimbi.

— Ati wamekuwekea tenti? alisema Shemasi. Wee, tenti ikisimama kwa mtu ni harusi ama ni matanga. Na wewe ulioa kitambo.

— Si tenti. Ni stenti.

— Ni hiyo hiyo. Lakini usijali. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Hiyo tenti ni mgeni, ikaribishe tu.

Paipu alisimama tena. Satelaiti akachukua nafasi yake katika mazungumzo na kwenye benchi pia. Alieleza kwamba picha za hospitali ni geresha. Chuma kikiwa ndani ya mtu, alisema, hicho ni antena, na antena haikai bure. Ndiyo maana redio ya Katunge hukwaruza Paipu akiegemea ukuta. Katunge alisema redio ile ilikwaruza hata kabla Paipu hajastaafu, lakini hakuna aliyemsikiza. Kwa hesabu ya Satelaiti, kompyuta ya Juja ilikuwa ikipokea habari za Paipu mchana kutwa: alipopita, aliyemsalimia, hata ile mutura, soseji ya utumbo, aliyokula Jumamosi kwa mchomaji wa kona.

— Nani alikwambia nilikula mutura?

— Unaona? Kama mimi najua, kompyuta itakosa kujua?

Paipu aliutia mkono mfukoni, akauhisi mkebe wa vidonge, akautoa mkono haraka.

Shemasi hakutaka kuachwa nyuma. Alitangaza kwamba Satelaiti ameona mkia, hajaona ng'ombe. Kama damu inatembea ndani ya kompyuta, basi mle ndani kuna Ndung'u wa pili, mwenye moyo wake na tenti yake. Huyo hapandi ngazi wala hali mutura, lakini ndiye anayetangulia. Wakimharakisha, anazeeka jioni moja.

— Ukitaka kujua siku yako, alisema akishusha sauti kidogo, mwulize yule.

— Na stima ikipotea Juja? aliuliza Satelaiti. Huyu wetu atasikia nini?

Walicheka, isipokuwa Paipu. Yeye alikuwa akifikiria umeme unavyopotea Juja.

Saa nne na dakika kumi simu ililia. Vichwa vitatu viliinama juu yake. Ilikuwa picha inayotembea: bomba lililopinda, na ndani yake mkondo mwekundu palipo na kasi, wa buluu palipo polepole. Chini Wanja alikuwa ameandika kwamba hizi ni hesabu tu za njia ya damu, hazijui lolote lingine kumhusu.

Satelaiti alisifu rangi. Shemasi aliuona mkondo wa buluu ukingoni akatikisa kichwa kwa furaha.

— Polepole hivyo ni vizuri. Haba na haba hujaza kibaba.

Paipu aliivuta simu karibu na macho. Katika maisha yake hakuwahi kuhitaji kusomewa picha ya bomba. Aliona nyuma ya kila uzi wa chuma kizingo kidogo cha buluu, damu ikijizungusha badala ya kupita. Kiwandani, mahali kama hapo ndipo kutu ilipoanzia. Haba na haba.

— Huo mfereji ni wa nani?

Aliyeuliza alikuwa mama mmoja wa Gatuanyaga, Maggie, vumbi la huko likiwa bado kwenye viatu vyake. Alikuwa akingoja mwenye duka amkatie mipira ya kumwagilia nyanya, na alikuwa amechungulia juu ya bega la Satelaiti. Walimweleza wote kwa pamoja, antena, tenti na Ndung'u wa pili. Alisikiza hadi mwisho kwa adabu.

— Mimi kwangu, maji yakienda polepole, uchafu unashika ndani ya paipu, alisema. Naweka dawa kila Jumatatu. Sasa huyu mzee, dawa anakunywa?

Satelaiti, aliyejua habari za mutura, aligeuza kikombe kutazama kitako chake. Shemasi alifungua mdomo kutafuta methali, na ilikuwa kana kwamba wahenga wote wamehama Thika. Wakamtazama Paipu. Paipu akaitazama barabara.

Kisha akapiga simu. Wanja alipokea akiwa na furaha, akauliza kama ameiona na kama si nzuri.

— Nimeiona, maitu, alisema Paipu. Alimwita hivyo, mama yangu, kwa kuwa binti huyo alibeba jina la mama mzazi wa Paipu. Ni nzuri, aliendelea. Lakini kuna kitu haijui.

— Kitu gani, baba?

Alipiga hatua tatu kuelekea barabarani, mbali na masikio. Akasimama. Akageuka, akarudi hadi kwenye benchi, akasema mbele yao wote.

— Leo ni siku ya kumi na tisa sijameza dawa.

Kwenye simu kulisikika kiti kikisukumwa. Wanja aliposema tena, sauti yake haikuwa ya mwanafunzi wa hesabu. Alimwambia aketi hapo alipo, asiende popote, asimeze chochote kwa kukisia. Anampigia daktari sasa hivi, na anatoka Ruiru.

Maggie alisogea, akampisha. Paipu akaketi. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, miguu yake ilitulia. Katunge alikiondoa kikombe cha kahawa cha Paipu kilichokuwa kimepoa, akakisuuza, akamletea maji bila kuulizwa.